BOILA KUUKUU ISITOLEWE KWA HESABU YA KILO

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Pande zetu hizi za Busia na Tororo chuma kuukuu kimepata bei. Wanunuzi wanazunguka na malori kutoka Malaba hadi Nambale, na kutoka mjini Tororo hadi Majanji kando ya ziwa. Walianza na masufuria yaliyotoboka na majembe yaliyokwisha, wakaja kwenye chesisi za magari na mabati ya paa. Sasa wamefika nyuma ya viwanda vya zamani, kwenye mabanda ambayo hayajafunguliwa kwa miaka mingi, na humo wamekuta chuma kingi kuliko kile cha kijiji kizima: boila zilizozimwa zamani.

Kwa hiyo swali limeletwa mbele ya chama na wanachama wa pande zote mbili za mpaka. Wanauliza: kazi ya kutoa boila hizo tuikubali au tuikatae? Na tukiikubali, tuifanye namna gani ili jioni turudi nyumbani wazima?

Jibu letu ni hili. Kazi ikubaliwe. Boila ikiachwa ioze bandani ni hatari kwa walinzi, kwa majirani na kwa watoto wanaoingia kucheza. Tena ni kazi, na watu wetu wanahitaji kazi. Lakini isikubaliwe kwa malipo ya kilo. Boila itolewe kwa mshahara wa siku, kwa mpango ulioandikwa, na mwenye boila awe mdaiwa wa usalama mpaka kipande cha mwisho kitoke getini. Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo.

MALIPO YA KILO NDIYO MZIZI WA HATARI

Tazameni jinsi kazi hii inavyoletwa. Mwenye kiwanda anaiuza boila "kama ilivyo, pale ilipo". Akishapokea fedha zake ananawa mikono. Mnunuzi naye hana wafanyakazi wa kudumu. Anatafuta fundi mmoja wa gesi na kupatana naye kwa kilo. Fundi anaokota vijana sita au saba pale stendi, naye anapatana nao kwa kilo. Katika ngazi zote hizo hakuna aliyeandika jina la mtu, hakuna aliyetaja bima, na hakuna aliyeuliza boila ilifungwa vipi siku ile ilipozimwa.

Sasa tufanye hesabu. Siku ya kwanza ikitumika kufungua valvu na kumwaga maji yaliyobaki, hiyo ni siku isiyo na kilo hata moja. Siku ya pili ikitumika kulowesha na kuondoa plasta ya asbestosi, hakuna kilo, kwa maana asbestosi hainunuliwi. Siku ya tatu ikitumika kuweka nguzo za kuzuia ukuta na paa, hakuna kilo. Siku tatu zimepita, fundi hajawasha moto, na nyumbani watoto wanangoja unga. Nani atakubali? Anayelipwa kwa kilo hulipia usalama wake kutoka mfukoni mwake mwenyewe. Tajiri hana haja ya kumfokea "harakisha!" Mizani inamfokea kwa niaba yake.

Ndiyo sababu sisi hatukubali maneno yale tunayoambiwa kila mara mtu anapoumia, kwamba kibarua ni mjinga, hana elimu, hakusikia. Kibarua anajua hesabu vizuri sana. Amehesabu siku tatu bila posho, akaona hawezi kuzibeba. Ukitaka afuate njia ya salama, mlipe siku zile tatu. Usipomlipa, basi wewe ndiwe uliyemchagulia njia ya mkato.

BOILA HIZI ZILITOKA WAPI

Vijana wengi hawakuzikuta zikifanya kazi, kwa hiyo tueleze kidogo. Pamba ya biashara ilianza Uganda mwaka 1903. Baadaye viwanda vya kuchambua pamba vilienea upande wa mashariki wa Uganda na huku Kenya Magharibi. Mashine nyingi za siku zile ziliendeshwa kwa mvuke: boila ilichemsha maji kwa kuni au kwa mbegu za pamba, na mvuke ukazungusha magurudumu. Reli nayo ilikuwa ya mvuke. Njia iliyopitia Tororo ilifika Soroti mwaka 1929, na Kampala mwaka 1931.

Kisha zikaja injini za dizeli, na umeme wa Owen Falls kule Jinja uliofunguliwa mwaka 1954. Boila zikazimwa moja baada ya nyingine. Kuziondoa kulikuwa na gharama, basi wenye viwanda wakafunga mlango wa banda na kuhamia kwenye jengo jipya. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi kutoka Uganda, na viwanda vingi vikabadili mikono. Mwaka 1994 biashara ya pamba ya Uganda ikafunguliwa kwa watu binafsi, vikabadili mikono tena. Upande wa Kenya pamba ilianguka, na viwanda vyake vikanyamaza. Kila kiwanda kinapobadili mikono, karatasi hupotea. Kwa hiyo leo mnunuzi anaponunua boila, mara nyingi haji na karatasi ya kueleza ndani mna nini, nje imepakwa nini, na ni mabomba gani bado yameshikana nayo.

MOTO UMEONDOKA, HATARI HAIKUONDOKA

Wazee walisema: usimwone simba amenyeshewa ukadhani ni paka. Boila iliyozimwa miaka 40 bado ni boila. Hatari zake ni hizi.

Ya kwanza ni maji yaliyofungiwa. Mabomba yakiwa yamezibwa na kutu na magadi, maji huweza kubaki chini ya tumbo la boila au ndani ya bomba kwa miaka. Fundi akipiga moto wa gesi juu ya bomba lililozibwa pande zote mbili, maji yale huchemka pasipo njia ya kutokea. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Isipopata nafasi, itaifungua yenyewe, na atakayekuwa mbele yake ni fundi.

Ya pili ni hewa. Hii ndiyo inayodanganya watu wengi. Kutu ni chuma kinachokula oksijeni. Boila iliyofungwa kwa muda mrefu, ikawa inaota kutu ndani, huimaliza oksijeni ya hewa iliyomo. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 katika 100. Ikishuka chini ya sehemu 10, mtu huanguka bila kuhisi harufu, bila kukohoa, bila kupata nafasi ya kupiga kelele. Mwenzake anamwona ameanguka, anaingia kumvuta, naye anaanguka juu yake. Taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya nusu ya watu wanaokufa ndani ya matangi na mashimo ya namna hiyo ni wale walioingia kuokoa wengine. Tulisome tena jambo hilo: waliokufa zaidi ni wenye huruma. Huruma bila kamba na bila hewa huzika wawili.

Ya tatu ni asbestosi. Ile plasta nyeupe au ya kijivu iliyofunika boila na mabomba, yenye nyuzi kama za katani, ndiyo iliyowekwa zamani kuzuia joto lisipotee. Watu wa Tororo hawahitaji kufundishwa jina lake, kwa sababu mabati ya asbestosi yalitengenezwa mjini kwao. Plasta hiyo ikipigwa nyundo ikiwa kavu, nyuzi zake huruka hewani, nyembamba hata jicho halizioni, na zikiingia mapafuni hazitoki. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi husababisha kansa. Ugonjwa huja polepole, pengine baada ya miaka 20, 30 au 40. Wakati huo mnunuzi hayupo, lori halipo, na hakuna atakayekumbuka siku ile uliyofanya kazi bandani. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii nyuzi hizo. Tena mtu akirudi nyumbani na nguo zake zenye vumbi, anampelekea mkewe anayezifua. Katika nchi zilizotangulia kutumia asbestosi, wako wanawake waliougua bila kukanyaga kiwanda, kwa kufua ovaroli tu. Uingereza, ambako boila nyingi za zamani zilitengenezwa, ilikamilisha kupiga marufuku asbestosi mwaka 1999. Boila zake zimebaki kwetu na koti lao.

Ya nne ni uzito. Bati la chuma lenye unene wa milimita 12, lenye urefu wa mita moja na upana wa mita moja, lina karibu kilo 94. Hiyo ni kama mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Boila kubwa ya zamani ya aina ya Lancashire, yenye urefu wa mita 9, hupita tani 20: mifuko 400 ya saruji katika mwili mmoja, tena mwili wa mviringo unaopenda kubingirika. Mara nyingi imekalia matofali, na ukuta wa banda umejengwa ukiiegemea. Bomba la moshi limesimama kwa kushikwa na nyaya. Ukikata waya mmoja usioujua kazi yake, au ukitoa tofali lililobeba paa, jengo lenyewe litakujibu.

Mtu asidhani hiyo ni shida ya nchi maskini. Uingereza kulikuwa na kituo cha umeme cha Didcot A, kilichozimwa mwaka 2013. Tarehe 23 Februari 2016, walipokuwa wakiitayarisha nyumba ya boila kwa kubomolewa, sehemu kubwa yake ilianguka kabla ya wakati na kuua wafanyakazi 4. Mwili wa mwisho ulipatikana Septemba mwaka huohuo. Ikiwa nchi yenye winchi kubwa na wakaguzi wengi ilizika watu, sisi wenye jeki moja na magogo tunapaswa kuwa waangalifu mara mbili.

Ya tano ni rangi. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Zikipigwa moto hutoa moshi wa sumu, na sumu hiyo hukaa mwilini. Na ya sita ni wenyeji wa banda: nyuki, nyigu na nyoka. Vijana hucheka tukiwataja, lakini mtu aliye juu ya ngazi na moto wa gesi mkononi, akivamiwa na nyuki, hana pa kukimbilia.

Iko hatari nyingine ambayo huja kwa jina la faida. Mnunuzi anaweza kusema boila bado ni nzima, afadhali aiuze kwa mwenye kiwanda kidogo aiwashe tena. Tukumbuke mji wa Brockton, kule Massachusetts, Marekani. Tarehe 20 Machi 1905 kiwanda cha viatu kiliwasha boila yake ya zamani ya akiba wakati mpya ilipokuwa ikitengenezwa. Ililipuka, jengo likaanguka na kuungua, watu 58 wakafa. Boila kuukuu isiwashwe mpaka mkaguzi aliyeidhinishwa na serikali aipime na kutia sahihi. Bila sahihi hiyo, njia yake ni moja tu: ikatwe.

KAZI IFANYWE NAMNA HII

Kwanza, kabla mtu hajagusa nyundo, mwenye boila alete maelezo kwa maandishi: ilizimwa lini, ilitumia moto wa nini, na mabomba yake yanakwenda wapi. Asipokuwa na karatasi, alete fundi wa boila mwenye ujuzi aizunguke, aipige chaki na kuandika anayoyaona. Wazee waliofanya kazi kiwandani zamani waitwe na walipwe siku yao. Mzee mmoja aliyekuwa akitia kuni anaweza kujua bomba lililofichwa ambalo mhandisi wa leo hatalijua.

Pili, mabomba yote yatenganishwe, siyo kufunga valvu tu. Valvu ya miaka 40 haiaminiki. Boliti zifunguliwe, bomba liachane na boila, na mdomo uzibwe kwa bati. Kisha matundu ya juu na ya chini ya boila yafunguliwe, maji na matope yatoke. Matope hayo yasimwagwe mtoni. Mto Malaba na Mto Sio tunakunywa sisi na ng'ombe wetu.

Tatu, asbestosi iondolewe na watu waliofundishwa kazi hiyo na walioruhusiwa na mamlaka ya mazingira, ambayo pande zote mbili za mpaka inaitwa NEMA. Ilowe maji kabla ya kuguswa na ibaki imelowa. Wavae vipumulio vyenye vichujio vya kazi hiyo na nguo zinazobaki kazini. Taka zifungwe katika mifuko miwili ya plastiki iliyoandikwa, zipelekwe mahali palipokubaliwa na mamlaka. Isifagiliwe kavu, na asiwepo mtu wa kuchukua kipande kwenda kuziba jiko lake.

Nne, asiingie mtu ndani ya boila kama kazi inaweza kufanywa kutoka nje. Ikiwa hakuna budi kuingia, boila ipulizwe hewa ya feni kwa muda wa kutosha, hewa ipimwe kwa kipima hewa, na aingiaye afungwe mkanda na kamba. Mlangoni akae mtu ambaye kazi yake ni hiyo moja tu, asitumwe soda wala sigara, naye asiingie hata akiona nini. Avute kamba na aite msaada. Na jambo hili tunalisisitiza: oksijeni ya mtungi isipulizwe ndani ya boila ati kuleta hewa. Oksijeni ikizidi, nguo na nywele hushika moto kwa cheche moja kama zilizomwagiwa petroli.

Tano, ukuta, paa na bomba la moshi vitazamwe kwanza na mtu anayejua majengo, na nguzo ziwekwe. Chuma kikatwe kuanzia juu kwenda chini, na kila kipande kikamatwe na winchi au mnyororo kabla hakijaachana na mwenzake. Rangi ikwanguliwe pale moto utakapopita, nayo ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa. Mitungi ya gesi isimame wima, ifungwe mnyororo, ikae mbali na cheche, na iwe na valvu za kuzuia moto kurudi nyuma. Mafuta na grisi visiguse vifaa vya oksijeni. Ndoo za maji na mchanga ziwe karibu, na mtu abaki kulinda moto baada ya wengine kuondoka jioni.

Sita, wakati wa kupakia, asisimame mtu chini ya mzigo wala upande wa mteremko. Boila inayovutwa juu ya magogo au mataruma ya reli iwe na kabari kila hatua, na iwe na msemaji mmoja tu wa kutoa amri. Wasemaji wawili ni mguu wa mtu.

"KAZI ITAVUKA MPAKA"

Wako wenzetu wanaotuambia: nyinyi wa chama mkiweka masharti mengi, tajiri ataleta vijana kutoka ng'ambo. Watu wa Busia ya Kenya wataogopa wa Busia ya Uganda, na wa Tororo wataogopa wa Malaba. Hoja hii ni nzito na hatuidharau. Njaa haina pasipoti.

Lakini tuulize: ni nani anayefaidika tukiogopana? Sheria za pande zote mbili zinafanana kwa jambo hili. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007. Zote mbili zinamwekea mwenye mahali pa kazi wajibu wa kulinda usalama. Sheria ya Kenya inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, asilazimishwe kurudi pale mpaka iondolewe. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unasema mtu aliyejiondoa kwenye hatari ya namna hiyo asiadhibiwe. Na Juni mwaka 2022, kule Geneva, shirika hilohilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, pamoja na haki ya kuwa na chama.

Fidia nayo ipo, ila ni kwa anayeweza kuonyesha kwamba aliajiriwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2000 inahesabu mishahara ya miezi 60 kwa anayekufa kazini. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inahesabu miezi 96. Sasa mtu wa kilo, ambaye jina lake halikuandikwa popote, mshahara wake wa mwezi ni upi? Miezi 96 mara sifuri ni sifuri. Hapo ndipo mnaona kwamba malipo ya kilo yanaleta ajali, kisha yanaficha deni la ajali.

Wengine husema serikali haiwezi kuingilia biashara ndogo kama hii. Inaweza. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu tangu mwaka 2015, na Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa, serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu nchi nzima mpaka Mei. Kama biashara ilisimama kwa ajili ya mnara, inaweza kusimama siku tatu kwa ajili ya mtu. Mnara ukianguka taifa zima linabaki gizani na kujua. Kibarua akianguka ndani ya boila, nyumba moja tu hubaki gizani.

Na juu ya mpaka tuseme hivi. Tangu Februari 2018, pale Busia, maofisa wa nchi mbili wanakaa katika kituo kimoja wakikagua lori mara moja badala ya mara mbili. Waliona kwamba mali ikicheleweshwa ni hasara. Ikiwa maofisa wameweza kukaa chumba kimoja kwa ajili ya mali, wafanyakazi watashindwaje kukaa chini ya mwembe mmoja kwa ajili ya roho zao? Tunawaomba viongozi wa matawi ya pande zote mbili wakubaliane sharti moja: boila haitoki kwa kilo, iwe Tororo, iwe Malaba, iwe Busia hii au ile. Siku hiyo tajiri atakapovuka daraja kutafuta mtu wa bei rahisi, atakuta masharti aliyoyaacha nyuma.

TUNAYODAI

Basi madai yetu ni machache na yanaeleweka. Mwenye boila asiiuze "kama ilivyo"; gharama ya kuiandaa itolewe katika bei ya chuma, kwa maana chuma chenyewe kina fedha ya kutosha kulipia siku tatu za watu saba. Kila anayeingia bandani aandikwe jina, alipwe kwa siku, na siku za maandalizi zilipwe sawa na siku za kukata. Mkaguzi wa serikali wa usalama kazini aarifiwe kabla, siyo baada. Vipumulio, kamba, kipima hewa na winchi viletwe na tajiri, visikatwe kwenye mshahara. Na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi upande wa Kenya, kamati ya usalama ambayo sheria inaitaka iwepo kweli, na ionyeshwe mpango wa kazi kabla moto haujawashwa.

Ndugu zetu, mkiletewa kazi hii wiki ijayo, msikimbilie mizani. Ulizeni maswali manne: Mabomba yametenganishwa? Asbestosi imetolewa? Hewa imepimwa? Majina yameandikwa? Jibu moja likiwa "bado", kaeni nje ya banda, nyote pamoja, na mleteni habari mjumbe wa chama aliye karibu. Mmoja akikaa nje peke yake atafukuzwa na mwingine ataingizwa. Saba wakikaa nje, boila haina miguu, itawangoja.